Daraja la Jinja na Ulalo wa Kwetu



Makala haya yametokana na swali nililoulizwa darasani, nikashindwa kulijibu kwa namna iliyoniridhisha. Nilikuwa nimebandika ukutani ukurasa wa kalenda ya zamani, wenye picha ya daraja refu lililoshikwa na nyaya nyingi. Shabaha yangu ilikuwa ndogo: kuwazoeza wanafunzi kueleza wanachokiona kwa sentensi kamili. Msichana mmoja wa darasa la nane akainua mkono akaniuliza, "Mwalimu, daraja la namna hii, kwa Kiswahili linaitwaje?" Nikamjibu, "Ni daraja la kuning'inia." Akaitazama picha kwa kitambo, kisha akasema, "Lakini mwalimu, mbona haliningʼinii? Limenyooka."

Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Lakini jioni, nikiwa njiani kurudi nyumbani katika milima yetu ya Ryansoro, nilikiri moyoni kwamba yule mtoto alikuwa na haki. Nilikuwa nimempa neno bila ya kukitazama kitu chenyewe.

Tuanze basi na maneno, maana ndiyo kazi yetu. Neno "daraja" tulilipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kipandio, ngazi, au cheo. Mwarabu akitaka kusema juu ya kitu cha kuvukia mto hutumia neno jingine, "jisr". Waswahili ndio waliolichukua neno la ngazi wakalilaza juu ya maji. Ndiyo sababu hata leo twasema mtu ana daraja la juu, na twasema pia amevuka daraja. Lakini kabla ya hapo, na pembeni yake, lugha yetu ina neno "ulalo", yaani gogo lililolazwa kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Sisi wa Burundi, tukisema Kirundi, daraja twaliita "ikiraro". Kulala kwa Kirundi ni "kurara". Sikioni mwangu maneno haya ni ndugu: ulalo na ikiraro, kitu kilicholala ili mtu apate kupita. Daraja lina cheo. Ulalo una unyenyekevu. Nitarejea kwenye jambo hili.

Ama kuhusu swali la msichana, nilitafuta nikapata kwamba madaraja yanayoshikwa na nyaya ni ya aina mbili kubwa, na sisi aghalabu twayachanganya. Aina ya kwanza ndiyo inayostahili kwa hakika jina la daraja la kuning'inia. Kamba kubwa ya chuma hupita juu ya nguzo mbili ndefu, ikalegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, na kutoka kamba hiyo hushuka nyaya nyembamba zilizoibeba barabara. Ncha za kamba kubwa hufungwa ardhini kwa uzito mkubwa wa zege au mwamba. Hivyo ndivyo lilivyo daraja la Golden Gate la Marekani, lililofunguliwa mwaka 1937, ambalo nafasi kati ya nguzo zake ni mita 1,280. Hivyo ndivyo lilivyo daraja la Matadi juu ya mto Kongo, lililokamilika mwaka 1983, lenye nafasi ya mita 520 katikati. Hivyo pia ndivyo lilivyo daraja la Maputo na Katembe, nchini Msumbiji, lililofunguliwa Novemba 2018, nafasi yake ya katikati ikiwa mita 680.

Aina ya pili haina kamba kubwa inayolegea. Nyaya hutoka moja kwa moja kwenye nguzo, zikashuka zimenyooka mpaka kwenye barabara na kuishika, mfano wa kamba zinazotoka kwenye mlingoti wa jahazi. Hapa hakuna kinachoning'inia. Kila waya hubeba sehemu yake, na uzito wote huishia kwenye nguzo. Picha yangu ya kalenda ilikuwa ya aina hii ya pili, na daraja lenyewe lilikuwa lile la Jinja, nchini Uganda, lililo maarufu kwa jina la Daraja la Chanzo cha Nile. Tokea siku hiyo darasani kwangu twasema "daraja la kuning'inia" kwa aina ya kwanza, na "daraja la nyaya" kwa aina ya pili. Mwenzangu mwenye neno lililo bora zaidi na alilete.

Baada ya kuyajua hayo nilishikwa na hamu ya kuliona daraja hilo kwa macho yangu. Hamu hiyo ilikuwa na sababu nyingine pia. Kusini yetu, huko Rutovu katika eneo la Bururi, pana chemchemi ndogo na piramidi ndogo ya mawe. Mjerumani Burkhart Waldecker alifika hapo mwaka 1937 na kuitangaza chemchemi hiyo kuwa chanzo cha Nile cha kusini kabisa. Majirani zetu wa Rwanda nao wana chemchemi yao katika msitu wa Nyungwe, na ubishi huo siuingilii. Lililo hakika ni njia ya maji yetu. Mto Ruvyironza huingia Ruvubu. Ruvubu huvuka mpaka na kuingia Tanzania, ukaungana na Kagera. Kagera huishia katika ziwa Viktoria. Na ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Jinja. Kwa hiyo maji ya kijito cha bondeni kwetu, kile nilichokivuka nikienda shule utotoni, hupita chini ya daraja lile la picha. Nilitaka kuyafuata.

Mwezi wa Agosti mwaka 2023, wakati wa likizo, tuliondoka walimu wanne. Tulipanda basi kutoka Gitega, tukapita Muyinga, tukavuka mpaka wa Kobero na kuingia Tanzania. Tulikwenda hivyo mpaka Bukoba, na kutoka huko tukashika njia ya Mutukula. Kabla ya kufika mpakani tulivuka mto Kagera mahali paitwapo Kyaka. Abiria wengi walikuwa wamelala. Mimi nilimwamsha mwenzangu nikamwambia atazame, maana daraja la Kyaka lina historia yake. Mapema mwezi wa Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yameivamia ardhi ya Tanzania kaskazini ya mto huo, daraja la Kyaka lilivunjwa kwa baruti. Majeshi ya Tanzania hayakuweza kuvuka kwa uzito wao mpaka yalipotandika daraja la chuma la muda. Katika vita, kitu cha kwanza kutafutwa na adui ni daraja. Sisi tuliokulia Burundi katika miaka ya 1990 hatuhitaji kufundishwa hilo. Basi lilivuka kwa muda wa kupumua mara tatu au nne. Chini yake maji yalikuwa ya rangi ya udongo, nami nilijua udongo ule umetoka wapi.

Kutoka Kampala mpaka Jinja ni mwendo wa kilometa 80 hivi. Jina la mji huo limetokana na mawe, yaani mawe ya maporomoko yaliyokuwa pale ziwa linapoanza kuwa mto. Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo tarehe 28 Julai 1862, akayaita maporomoko hayo kwa jina la bwana mmoja wa kwao, Ripon, ijapokuwa wenyeji walikuwa na majina yao. Mwaka 1931 lilijengwa daraja la reli, na gari la moshi la kutoka Mombasa likapata njia ya kufika Kampala. Kisha likaja bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi wa Aprili 1954. Bwawa lilileta umeme, lakini liliyafunika maporomoko ya Ripon, na tangu hapo hayaonekani tena.

Juu ya bwawa hilo ilipita barabara kuu. Kwa zaidi ya miaka 60 karibu kila lori lililotoka Mombasa kwenda Kampala, na kutoka huko kwenda Rwanda, Kongo ya mashariki na hata kwetu Burundi, lilipita juu ya ukuta ule wa zege. Ndugu msomaji, fikiri: mafuta ya taa na vitambaa vya nchi tano vyategemea ukuta mmoja uliojengwa kwa ajili ya umeme. Hatimaye Uganda iliamua kujenga daraja lililo daraja. Jiwe la msingi liliwekwa Januari 2014, fedha zikatoka katika mkopo wa Japani na katika hazina ya Uganda yenyewe, na kazi ikafanywa na kampuni ya Kijapani Zenitaka pamoja na kampuni ya Kikorea Hyundai. Lilifunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018. Urefu wake ni mita 525, na nafasi kati ya nguzo zake mbili ni mita 290.

Tulilivuka kwa gari. Nataka kusema kweli: ukiwa juu yake huoni mengi. Magari hayasimami, nyaya hupita dirishani moja baada ya moja kama kurasa za kitabu kinachofunguliwa kwa haraka, na kabla hujamaliza kusema "ndilo hili", umeshafika ng'ambo. Daraja hili lina uzuri wake kwa mtu aliye mbali nalo. Kwa hiyo siku ya pili tuliteremka kwenye maji, mahali watalii wanapopanda mashua kwenda kuonyeshwa mto unapoanza. Kutoka humo daraja huonekana lote: nguzo mbili, kila moja ikianza na miguu miwili iliyopanuka na kuungana juu kuwa kitu kimoja, mfano wa mtu aliyesimama imara akiinua mikono pamoja, na nyaya zimeshuka katika safu moja katikati ya barabara, huku na huku, kama mbavu. Ni kazi ya kupendeza. Wenzangu walipiga picha mpaka simu zikaishiwa nguvu.

Mwenye mashua alikuwa mzee mtulivu, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu waliojifunza kwa kazi, si kwa kitabu. Alituuliza tumetoka wapi. Tulipomwambia Burundi alicheka akasema, "Karibuni sana, walimu. Basi mmekuja kutazama maji yenu."

Mmoja wetu akamwuliza, "Mzee, wageni wanaokuja hapa hutazama nini zaidi?"

"Zamani walitazama maji," akajibu. "Wahindi nao huja kwa ajili ya Gandhi, maana majivu yake mengine yalimwagwa hapa. Sasa mgeni akiingia tu, kitu cha kwanza huuliza daraja. Mimi nililiona likikua. Lilikuwa likitoka pande mbili, kila upande unamfuata mwenzake. Asubuhi nikija kazini napima kwa macho: bado, bado. Siku zilipokutana nilizima injini, nikakaa kimya kidogo."

Niliyaandika maneno hayo katika daftari langu mashuani humo. Baraza la mawaziri la Uganda lilikubali mwezi wa Julai 2022 kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na sisi walimu tulilishangilia tangazo hilo. Lakini pale majini nilifahamu kwamba bila ya lugha hii mzee yule na mimi tungetazamana tu, yeye akiwa na Kisoga chake na mimi na Kirundi changu. Picha zingepigwa, ila habari ya siku ile aliyozima injini nisingeipata.

Hata hivyo, katika furaha hiyo kulikuwa na jambo lililonichoma, nami sina budi kulieleza, kwani bila yake makala haya yangekuwa ya kusifu tu.

Katika bonde la kwetu daraja lilikuwa ni gogo. Lilikuwa ulalo hasa. Wazazi walikata mkaratusi, wakaulaza, na kila masika waliutazama kwa wasiwasi. Mwaka 1991 mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi, na dada yangu mkubwa alikuwa katika darasa la sita, mwaka wa mtihani wa taifa. Alikuwa akinishinda kwa kila kitu: hesabu, Kifaransa, hata kukimbia. Mwezi wa Aprili mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi gogo halikuwepo. Wavulana wakubwa walivuka kwa kujitosa majini, nguo kichwani. Baba alisema mtoto wa kike hatavuka hivyo, na mimi mdogo pia sitavuka. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameshaona maji yakichukua mtu. Lilipita juma la kwanza, la pili, hata la tano, ndipo wanaume walipopata nafasi ya kukata mti mwingine.

Dada yangu alirudi shule, akafanya mtihani, akashindwa kwa alama chache. Mimi nami nilishindwa darasa langu mwaka huo. Tofauti ni kwamba mimi nilirudishwa darasani mwaka uliofuata, naye hakurudishwa. Alibaki nyumbani, akaolewa, na leo analima maharage upande uleule wa bonde. Mimi nina diploma ya ualimu. Kati ya maisha yake na yangu kuna mambo mengi, lakini nikiyapekua yote mpaka chini nakuta gogo moja.

Niliporudi kutoka Uganda nilikwenda kumsalimu, nikamwonyesha picha. Alizitazama moja moja, akikuza kwa vidole kama nilivyomfundisha. Akasifu nguzo, akasifu maji. Kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, hapa watu huvuka kwa kulipa?"

Nikamwambia, "Hapana, dada. Ni barabara kuu. Huvuka kila mwenye safari."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ni zuri kweli."

Nimelifikiri jibu hilo mara nyingi. Mimi nilikwenda kulipima daraja kwa mita na miaka, na kwa jinsi linavyopendeza likitazamwa kutoka mashuani. Yeye alilipima kwa swali moja. Katika msitu wa Nyungwe, unaoungana na Kibira yetu, pako daraja la miguu la kuning'inia lililofunguliwa mwaka 2010. Lina urefu wa mita 160 hivi, limetundikwa juu ya vilele vya miti, na wageni hulipa ili wapite juu yake na kurudi. Silidharau. Ni daraja la kutazamia, na fedha zake husaidia kuutunza msitu. Lakini ufundi uleule wa waya, nguzo na mbao hutumika pia vijijini, Rwanda na Uganda, kujenga madaraja madogo ya waendao kwa miguu, yasiyochukuliwa na mafuriko kwa sababu hayagusi maji. Hayo hakuna anayeyachapa katika kalenda. Mwaka huu bonde letu linavukwa kwa mikaratusi miwili iliyofungwa pamoja. Mmoja umeongezeka tangu utoto wangu.

Muhula ulipoanza nilimjibu yule msichana mbele ya wenzake, nikachora ubaoni aina zote mbili za madaraja, na kando yake nikachora ulalo. Kisha nikawapa insha, kichwa chake "Mto Ninaouvuka". Nilikuwa na wanafunzi 46. Wanafunzi 17 waliandika juu ya gogo. Sita kati yao walieleza siku ambayo gogo halikuwepo. Nilichukua daftari la mahudhurio, nikatafuta tarehe za masika yaliyopita, nikakuta mbele ya majina yao alama zangu mwenyewe, kwa wino mwekundu: hayupo, hayupo, hayupo. Nilikuwa nimewaandika watoro watoto waliokuwa wamesimama ukingoni.

Msichana aliyeniuliza swali alikuwa mmoja wao.

Insha hizo nilizikusanya, nikazisahihisha sarufi, nikamwomba mkuu wa shule tuziweke pamoja na kuzipeleka kwa viongozi wa mtaa, zikiwa katika lugha ya watoto wenyewe pamoja na tafsiri ya Kirundi. Mpaka ninapoandika haya jibu halijapatikana. Sikulalamika, kwani najua daraja la Jinja nalo lilingojewa miaka mingi. Lakini jambo moja liko katika uwezo wangu, na nawaomba ninyi walimu wenzangu mlifikirie. Siku ya mvua kubwa, kabla ya kuandika neno "hayupo", ulizeni kwanza mtoto huyo anatoka ng'ambo gani. Mimi nimeongeza safu moja katika daftari langu, na juu yake nimeandika: "Mto".